Jina Ukutani: Tuliyoyaona Makumbusho ya Reli, Nairobi



Ndugu wazazi na wanafunzi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo napenda tuzungumze jambo ambalo wazazi wengi wa hapa Bugoye, na wale wa Kasese mjini na Bwera, huniuliza kila tunapokutana baada ya swala ya Ijumaa. Nalo ni hili la vijana wetu na hip hop. Siyo muziki peke yake, maana suala la muziki masheikh wetu wamelieleza sana na kila mmoja anajua msimamo anaoufuata. Wanachoniuliza zaidi ni yale maandishi. Herufi zilizovimba na kupinda, zilizoshikana kama mizizi, utaziona kwenye madaftari, kwenye mifuko ya shule, nyuma ya boda boda na kwenye kuta za maduka. Mzazi mmoja aliniuliza, "Maalim, hawa watoto wameingiwa na nini? Mbona kila mmoja anataka kuandika jina lake ukutani?"

Swali ni zuri kuliko mwenyewe alivyodhani. Kwa upande wangu nilianza kupata jibu lake Desemba 2019, na mahali nilipolipata ni katika makumbusho ya reli, mjini Nairobi.

KISA CHENYEWE

Mwaka huo madrasa yetu ilikuwa imepakwa chokaa upya. Fedha zilitoka kwa wazazi wenyewe, shilingi 2,000 hapa, 5,000 pale. Asiyekuwa na fedha alileta mchanga, na akina mama waliteka maji mto Mubuku. Wiki mbili hazikupita, Jumamosi moja asubuhi tukakuta ukuta wa upande wa barabara umeandikwa jina la utani kwa rangi nyeusi. Herufi zilikuwa na kimo cha mtoto wa miaka saba, ncha zake kali kama miiba, na mwishoni pamewekwa namba 15. Haikuhitajika kuuliza sana. Jina lile lilikuwa la mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na 15 ndiyo ilikuwa miaka yake. Mkebe wa rangi aliupata kwa mafundi wanaopuliza rangi matangi ya pikipiki.

Kamati ya madrasa ilikaa jioni ile ile. Wazee walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Mmoja alitaka kijana afukuzwe ili wengine wapate funzo. Mwingine akasema, tena mbele yangu, kwamba angekuwa mtoto wa mtu mwingine angekuwa ameshafukuzwa tangu asubuhi. Neno hilo lilinichoma. Nikimtetea, nitaambiwa napendelea damu yangu. Nikinyamaza, dada yangu ambaye ni mjane ataona nimemtupa mwanawe. Mwisho tukakubaliana kwamba uamuzi usubiri hadi Januari, baada ya likizo.

Mwezi wa Desemba nilikuwa na safari ya Nairobi, harusi ya binti wa rafiki yangu niliyesoma naye. Dada yangu akaniomba niondoke na kijana, maneno ya kijijini yapoe kidogo. Nikakubali. Tukapanda basi Kasese mpaka Kampala, na jioni tukaunganisha kwa njia ya Busia. Njiani mpwa wangu hakusema mengi. Lakini tulipokaribia kufika aliniuliza kama tutapata nafasi ya kwenda makumbusho ya reli. Nilishangaa, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshapanga kwenda huko huko. Kila mmoja alikuwa na sababu yake.

RELI ILIYOISHIA KWETU

Sababu yangu ilikuwa marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mpakiaji mizigo stesheni ya Kasese. Vijana wa leo wanaona nyasi zimefunika reli na hawajui ilikotoka. Reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, Kisumu 1901, na Kampala 1931. Mwaka 1956 ikafika Kasese, na hapo ikaishia. Ililetwa kwetu kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ambayo ilisafirishwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa. Mgodi uliposimama mapema katika miaka ya 1980, stesheni nayo ikaanza kunyamaza. Baba alituhadithia juu ya injini kubwa za moshi, na mimi nilitaka kuziona kwa macho yangu kabla sijazeeka.

Sababu ya mpwa wangu ilikuwa nyingine kabisa. Alikuwa ameona kwenye simu ya rafiki yake kwamba pale makumbusho, kati ya mabehewa mabovu, kuna wachoraji wa grafiti. Grafiti ndilo jina la ile sanaa ya kuandika na kuchora ukutani kwa rangi ya kupuliza.

Makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa bado shirika moja la Afrika Mashariki. Ndani mna tiketi za zamani, taa za walinzi wa reli, kengele na picha za wajenzi. Nje kuna behewa ambalo mwaka 1900, pale Kima, simba aliingia usiku akamburuta nje afisa wa polisi aliyeitwa Ryall, aliyekuwa amekuja kumwinda simba huyo huyo. Mpwa wangu alilizunguka behewa hilo mara mbili.

Lakini kilichonisimamisha mimi ni injini moja kubwa mno, ndefu kuliko nyumba zangu mbili zikiunganishwa, ina jina lake ubavuni: Mount Gelai. Gelai ni mlima wa Tanzania, karibu na ziwa Natron. Injini za aina ile zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ile namba 5902 ilipewa jina la Rwenzori, mlima wetu huu tunaouona kila asubuhi tukifungua mlango. Injini nyingine za aina ndogo zilipewa majina ya makabila. Nilimweleza mpwa wangu hayo yote kwa furaha, nikidhani nampa historia. Aliniangalia kisha akasema:

"Mjomba, kumbe hata wakubwa waliandika majina kwenye treni."

Nikamjibu kwamba treni zile zilikuwa mali yao.

"Na mlima wetu, nani aliombwa ruhusa?"

Nikacheka, na yeye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu siku ile ya ukuta. Lakini swali lake lilibaki kichwani mwangu. Kila mwenye nguvu duniani huandika jina lake mahali. Mfalme huliandika kwenye sarafu, kampuni kwenye bango, na mfadhili kwenye jiwe la msingi. Mtoto asiyekuwa na sarafu wala bango wala jiwe ataandika wapi?

WACHORAJI WA MABEHEWANI

Upande wa nyuma, penye mabehewa yaliyostaafu, mambo yalibadilika. Kuta zilijaa rangi, na mabehewa mengine yalikuwa yamechorwa kutoka paa mpaka magurudumu. Mchoraji mashuhuri wa Nairobi, Patrick Mukabi, ambaye wengi wanamjua kwa picha zake za akina mama wa sokoni waliojifunga leso, alianzisha pale studio iitwayo Dust Depo. Vijana wengi walipitia mikononi mwake kujifunza, na baadhi yao wakaendelea na grafiti.

Mmoja wao alitukaribisha. Aliponiona na kofia na kanzu alinisalimu "Assalaam alaykum, sheikh," ingawa mwenyewe hakuwa Muislamu. Nikamwambia wazi kwamba mimi ni mwalimu wa madrasa, na huyu kijana aliandika jina lake ukutani kwetu. Nilidhani atamsifu, au atanicheka. Badala yake alimwuliza mpwa wangu swali moja tu: "Daftari lako liko wapi?"

Mpwa wangu hakuwa na daftari. Yule mchoraji akamwonyesha lake. Ndugu msomaji, nilipolifungua nilijiona niko darasani kwangu. Kurasa kumi nzima zilikuwa na herufi moja tu, imeandikwa mara mia na zaidi, kila mara imebadilishwa kidogo, mkia umerefushwa, tumbo limepunguzwa. Hivi ndivyo tulivyofundishwa sisi kuandika jiim na ayn kwenye ubao, tukafuta, tukaandika tena, hadi mwalimu aridhike. Alitueleza kwamba mchoraji wa kweli haendi ukutani mpaka herufi imekubali kwenye karatasi.

Kisha akatuonyesha mkebe. Ndani yake kuna kipira kidogo kinachogonga unapoutikisa, na kazi yake ni kuchanganya rangi. Vile vifuniko vya juu vinavyotoa rangi ni vya namna nyingi, vingine hutoa mstari mwembamba na vingine mnene. Ukisogea karibu sana rangi inachuruzika, ukiwa mbali inakuwa vumbi. Alivaa kitambaa maalumu puani na kumwonya kijana kwamba hewa ile ni sumu, isipulizwe chumbani wala bila kujikinga. Wazazi, hilo nalo mlijue.

Nikamwuliza juu ya ruhusa. Akasema wao huzungumza kwanza na mwenye ukuta, na mara nyingi wanalipwa. "Ukuta wa mtu ni kama shamba la mtu, mzee. Huwezi kulima bila kumwuliza." Sikumwongezea neno. Hadithi zetu juu ya kutokuchukua mali ya mtu ila kwa ridhaa yake zinasema jambo hilo hilo.

Akatuhadithia pia juu ya treni ya Kibera. Wasomaji watakumbuka fujo zilizotokea Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Huko Kibera vijana waling'oa hata reli. Uchaguzi mwingine ulipokaribia, mapema mwaka 2013, wachoraji wa grafiti walipewa ruhusa wakaichora treni ya abiria inayopita Kibera, ujumbe wake ukiwa amani. Kwa hiyo palepale vijana walipoonyesha hasira kwa kung'oa vyuma, vijana wengine walipita na rangi wakiomba watu wasiuane. Mpwa wangu alisikiliza bila kupepesa macho.

Tulipotoka mjini kurudi kwa mwenyeji wetu, tulikuta sanaa ile ile barabarani, kwenye matatu. Sisi Uganda gari hilo tunaliita teksi, lakini za kwao zimechorwa nje na ndani. Mwaka 2004 sheria mpya za usafiri zilizifuta rangi hizo zikaachwa na mstari wa manjano tu. Miaka kumi baadaye, 2014, Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachiwe wachore, kwa kuwa ni kazi inayowalisha. Ukweli ni kwamba nyingine zilikuwa na picha ambazo sikutaka kuziangalia, na nilimwambia hivyo mpwa wangu. Si kila kilichochorwa vizuri ni kizuri.

ASILI YA MAMBO HAYA

Usiku ule nilikaa na mwenyeji wangu, mtu aliyesoma sana, akanieleza asili yake. Hip hop ilianza Bronx, mtaa wa New York, Marekani. Wengi huihesabu tangu tarehe 11 Agosti 1973, siku kijana mwenye asili ya Jamaika aitwaye Kool Herc alipopiga santuri kwenye sherehe ya dada yake. Nguzo zake huhesabiwa nne, nazo ni mpiga santuri, msema mashairi, mchezaji, na mwandishi wa kuta. Ile ya nne ilikuwa imeshaanza kabla. Kijana mmoja aliyefanya kazi ya kupeleka barua, mwenye asili ya Kigiriki, aliandika TAKI 183 mji mzima. Hiyo 183 ilikuwa namba ya mtaa wake. Mwaka 1971 gazeti la New York Times likaandika habari zake, na baada ya hapo maelfu ya vijana wakamwiga.

Nilipoisikia namba hiyo nilifikiria ile 15 kwenye ukuta wa madrasa. Mpwa wangu hakuwahi kumsikia mtu yule. Lakini mtoto wa New York na mtoto wa Bugoye walikuwa wamesema jambo moja: mimi ni fulani, nipo hapa.

Wakubwa wa New York walipigana na maandishi hayo kwenye treni zao kwa karibu miaka ishirini, kwa maji ya dawa, kwa uzio na kwa mbwa. Mwaka 1989 wakatangaza treni zote ni safi. Lakini sanaa yenyewe ilishahamia kwenye kuta na nyumba za sanaa. Mwishoni mwa 2019, mwezi ule ule tuliokuwa Nairobi, kulifunguliwa Miami makumbusho ya grafiti peke yake, na mwaka 2021 huko Bronx ujenzi wa makumbusho ya hip hop ukaanza. Kilichokuwa kinafutwa sasa kinawekewa paa na mlinzi.

Kwetu Uganda pia iko. Tangu 2006 kuna Breakdance Project Uganda, iliyoanzishwa Kampala na Abraham Tekya. Wanafundisha bure, na ada yake ni kwamba ukishajua, umfundishe mwingine. Siwaambii wazazi wapeleke watoto wakacheze, hilo kila mmoja ana fatwa anayoifuata. Ila nauliza, utaratibu huo si ndio wa madrasa? Aliyefika Juzuu Amma humsomesha aliye kwenye alif. Sisi tulikuwa nao kabla yao, na tusiuache.

SISI NA MAANDISHI

Ndugu zangu Waislamu, umma huu hauna ugeni na maandishi ya ukutani. Kule Zanzibar, msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe, na tarehe yake ni mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Miaka zaidi ya 900! Ukiziangalia zile herufi, zimepinda na kusukana hata asiyezizoea hawezi kuzisoma haraka. Kwa hiyo babu anayesema "hizi herufi zao hazisomeki" na akumbuke Kikufi.

Na wako Waislamu waliounganisha mambo haya mawili. Mwaka 2012 mchoraji aitwaye eL Seed, mzaliwa wa Ufaransa mwenye asili ya Tunisia, aliandika kwa rangi kwenye mnara wa msikiti wa Jara, mji wa Gabès, kusini mwa Tunisia. Alichagua maneno ya aya ya 13 ya Suratul Hujurat, ile inayotukumbusha kwamba tumeumbwa mataifa na makabila ili tujuane. Alipewa ruhusa na imamu wa msikiti. Nilipomsimulia mpwa wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, mjomba, kosa langu siyo kuandika?"

Nikamwambia, "Kosa lako ni matatu. Ukuta haukuwa wako. Jasho la watu ulilikanyaga. Na maneno yako hayakumfaa mtu yeyote isipokuwa wewe." Akainamisha kichwa. Hakubisha.

KAMATI INAKAA

Januari 2020 kamati ikakaa. Niliomba nisipige kura kwa kuwa kijana ni wangu, ila niseme neno kisha nitoke. Niliwakumbusha kisa ambacho wote tunakijua, cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Masahaba walitaka kumvamia. Mtume akawazuia, akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale, kisha akamfundisha yule mtu kwa upole nini maana ya msikiti. Uchafu ulisafishwa, na mtu akabaki. Nikasema, tukimfukuza huyu, ukuta utakuwa safi lakini mtu atakuwa ameondoka, na barabarani hakosi wa kumpokea. Nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe.

Walikaa saa nzima. Walipoitoa hukumu, kijana aliambiwa aununue mfuko wa chokaa kwa jasho lake mwenyewe, aupake ukuta wote, na awaombe radhi wazazi mbele ya madrasa. Akavuna kahawa ya jirani wiki mbili, akanunua chokaa, akapaka. Siku ya kuomba radhi sauti yake ilitetemeka, lakini alimaliza.

Nilikuwa nimeomba jambo moja zaidi, kwamba apewe sehemu ya ukuta wa ndani, upande wa uwanja, aandike kwa mpangilio. Hapo wazee waligawanyika. Imamu wetu alikumbusha kwamba wako wanachuoni wanaochukia mapambo ukutani yanayomshughulisha mwenye kuswali, na neno lake ni la kuheshimiwa. Ndiyo maana tulikubaliana iwe madrasa, isiwe msikiti. Iwe maandishi tu, pasiwe na sura ya mtu wala mnyama. Isiandikwe aya mahali ambapo mvua na vumbi na mipira ya watoto vitaifikia. Na kabla ya rangi, daftari likaguliwe.

Mpwa wangu akaandika kwenye daftari kwa wiki tano. Neno lililochaguliwa lilikuwa "Iqra", na chini yake neno la Kiswahili "Soma", na la Lhukonzo kwa ajili ya wazazi wanaopita. Aliyatanda maneno hayo kwa buluu na kijani, yakawa na kimo cha mtu mzima. Siku aliyomaliza watoto walikusanyika kushangilia, mpaka binti mmoja wa miaka tisa aliponyoosha kidole akasema, "Hamza iko wapi?" Kweli, hamza ilikuwa imesahauliwa. Mwandishi akapanda tena ngazi, huku watoto wanamcheka, akaiweka mahali pake. Mimi nilifurahi kwa wote wawili.

Mwezi uliofuata ikaja korona na madrasa zikafungwa, kama shule zote. Kwa muda mrefu ukuta ule ulikuwa unasema "Soma" kwenye uwanja mtupu. Leo kijana huyo ni mtu mzima. Yuko upande wa Bwera na Mpondwe, anaandika mabango ya maduka na ubavu wa malori yanayovuka kwenda Kasindi, anajilisha na kumsaidia mama yake. Na yule mzee aliyetaka afukuzwe bado hajapendezwa. Kila akipita husema rangi ni nyingi mno. Ni haki yake. Lakini duka la mwanawe nalo limeandikwa na mkono ule ule.

NASAHA KWA WAZAZI

Kwa ufupi, naomba tuzingatie haya:

1. Ukikuta mtoto anaandika jina lake kila mahali, kabla ya fimbo jiulize, jina hilo linaitwa nyumbani? Lini mara ya mwisho ulilitaja kwa sifa, siyo kwa kumtuma wala kumkaripia?

2. Mfundishe mipaka wazi. Mali ya watu haiguswi bila ridhaa. Matusi na picha za aibu hazina nafasi. Kosa likitokea, alisafishe kwa mikono yake mwenyewe.

3. Mpe daftari na mwalimu. Kipaji bila daftari huishia ukutani kwa watu. Madrasa zetu zirudishe somo la khati, kwa kuwa mkono unaopenda herufi upo tayari, umekosa herufi za kuandika.

4. Nenda naye mkaone pamoja. Usikihukumu kitu kwa kusikia. Utajua cha kumkataza na kwa nini, na yeye atajua kwamba ulitazama kabla ya kukataza.

5. Na nyinyi wanafunzi, jina zuri halipatikani kwa rangi. Hata zile injini kubwa zenye majina ya milima zimesimama sasa zinaota kutu. Mtu hukumbukwa kwa manufaa aliyowaachia watu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu, aijaze mikono yao kazi ya halali, na atupe sisi wazazi na walimu subira ya kuwafundisha. Aamin.